Kosa la Kutoonekana

Nchi yetu inaitwa Shwarini. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yetu ilipelekwa kwa fundi ili ipanuliwe, na fundi bado hajairudisha. Na ukisoma haya ukaona yanafanana na ya kwenu, samahani sana, ni macho yako tu. Huku kwetu hakuna tatizo hata moja ambalo serikali haijalitolea tamko.

Mimi naitwa Tindwa, mnoa visu. Baiskeli yangu ina jiwe la kunolea mbele ya usukani. Nikifika mtaani naisimamisha kwa stendi, napiga pedeli, jiwe linazunguka, na akina mama wanatoka na visu vyao na umbea wao. Mke wangu Siwema naye ana baiskeli yake. Nyuma amefunga sanduku la mbao la mikate, anaichukua tanurini ingali moto na kuisambaza madukani upande wa pili wa mji. Majirani wanamwita Mama Zena, na mimi Baba Zena, kwa heshima ya binti yetu aliyeolewa mbali.

Kutoka kwetu kwenda upande wa pili wa mji lazima upite Njia Panda ya Kidole. Imeitwa hivyo kwa sababu katikati yake imesimama sanamu ya Baba Mwasisi, amenyoosha kidole kuonyesha mustakabali wa taifa. Kila serikali inayoingia humzungusha kidogo, ili kidole kielekee kule wanakokwenda wao. Kwa sasa kinaelekea kituo cha mafuta cha mkwe wa Rais. Taa za barabarani pia tunazo, nzuri, za kisasa kabisa. Huwashwa Mheshimiwa Rais anapopita, zikawa kijani kwake pande zote, kisha huzimwa zisije zikachakaa.

Sisi wa baiskeli tulitengewa pembeni. Pembeni ni ile nafasi iliyobaki kati ya mstari mweupe na mtaro, na upana wake ni kama wa kanga iliyokunjwa. Barabara ikiwa imenyooka, pembeni hapana ubaya sana. Ubaya unaanzia njia panda. Wewe unakwenda moja kwa moja zako, gari liko ubavuni kwako, na ghafla linakunja kushoto, nawe umeshabanwa kati ya bodi la gari na kona. Hapo ndipo alipomalizikia Mzee Mbegu, muuza kuku. Hapo ndipo alipomalizikia Bi Sanura wa maandazi, na bakuli lake la unga likabaki limekaa wima barabarani bila kumwagika. Kila mara dereva alishuka, akajishika kichwa, akasema, "Sikumwona." Na trafiki akampa pole dereva.

*

Aliyetuondolea kifo pale hakuwa waziri wala mhandisi. Alikuwa shemeji yangu Kondo, kaka mkubwa wa Siwema, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda chake chini ya bango la matangazo ya magari mapya. Ndiye aliyemfundisha mke wangu kuendesha baiskeli tangu wakiwa wadogo, akikimbia nyuma yake ameshika kiti, akipiga kelele, "Tazama mbele, usinitazame mimi!" Baba yao alipofariki ndiye aliyebaki kuwa baba. Hata mahari ya Siwema nilizungumza naye. Nilimpenda mtu yule, nasema kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baada ya mazishi ya Bi Sanura, Kondo alituita sote kibandani. Alisimama juu ya kasha la vipuri, mikono myeusi kwa grisi.

"Jamani, pembeni ndiko kunakotuua," alisema. "Pembeni unajificha bila kujua. Dereva anatazama mbele, hatazami mtaroni. Sasa sikilizeni. Ukikaribia njia panda, geuka utazame nyuma. Nyoosha mkono. Ukiona umepewa nafasi, ingia katikati ya njia, kaa nyuma ya gari lililo mbele yako, usikae ubavuni mwa mtu. Panga foleni kama gari. Halafu mtazame machoni yule anayetaka kukukatia. Ukishavuka, rudi pembeni, mpungie mkono, mwambie asante."

"Wakitupigia honi?" aliuliza Siwema.

"Honi haijamvunja mtu mguu, mdogo wangu. Akikupigia honi ujue amekuona. Shukuru."

Tulianza kwa woga. Mimi siku ya kwanza niliingia katikati ya njia, na lori la mchanga lilikuwa nyuma yangu linanguruma. Nikageuka nikamtazama dereva. Naye akanitazama. Alikuwa kijana mwenye kikohozi. Akanipa ishara nipite, nikapita, nikampungia. Basi. Kumbe mambo yenyewe yalikuwa rahisi hivyo.

Wiki zikapita, ukapita na mwezi, na hatukuzika mtu. Madereva walizoea. Wengine walianza kutusalimia kwa majina, na mmoja wa teksi akawa ananiletea visu vya mkewe pale pale kwenye foleni. Magari yalichelewa kidogo sana, muda wa mtu kupiga chafya na kuambiwa afya. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba jambo likifanya kazi, serikali itafurahi.

*

Siku moja Waziri wa Barabara, Mheshimiwa Profesa Shangwe Mapande, alikuwa anawahi kikao cha kujadili foleni. Mbele yake, katikati kabisa ya njia, alikuwepo Mzee Kibwana, fundi vitanda, amefunga kitanda cha kamba juu ya keria, amenyoosha mkono, anasubiri zamu yake. Waziri akaamuru honi ipigwe. Mzee Kibwana akageuka, akamtazama Waziri machoni, akatabasamu, akashukuru kama alivyofundishwa. Waziri akachelewa. Alipofika akakuta kikao kimekwisha, tena kimekwisha kwa makubaliano, kwa kuwa yeye hakuwepo. Hilo lilimuudhi zaidi.

Jioni ile ile alizungumza na taifa.

"Ndugu wananchi, serikali yenu sikivu imefanya utafiti wa kina," alisema. "Katika ajali zote zilizotokea njia panda, madereva walisema hawakumwona mpanda baiskeli. Madereva hawa ni watu wazima, wana leseni, wengine wana shahada. Hawawezi wote kusema uongo. Kwa hiyo tatizo liko wazi. Wapanda baiskeli wa nchi hii hawaonekani, na kuna kila dalili kwamba wanafanya hivyo kwa makusudi."

Mwandishi mmoja wa habari, ambaye siku hizi anaripoti hali ya hewa kisiwani, aliuliza, "Mheshimiwa, na hawa wanaokaa katikati ya njia je? Si wanaonekana?"

"Hao wanaonekana kupita kiasi," alijibu Waziri.

Ikaundwa kamati ya wataalamu. Nisiwe mchoyo wa sifa, walifanya kazi kisayansi. Walikaa katika ukumbi wa Wizara, mapazia yakafungwa kwa sababu ya jua, kiyoyozi kikawashwa, wakatazama kwa makini kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Hakuna aliyemwona mpanda baiskeli hata mmoja. Utafiti ukathibitika, na wataalamu wakapigwa picha.

Ndipo ulipotangazwa muswada wa Sheria ya Kuonekana. Kwa kifungu cha kwanza, mpanda baiskeli asiyeonekana na dereva anatenda kosa. Kwa kifungu cha pili, mpanda baiskeli anayeonekana zaidi ya inavyostahili naye anatenda kosa. Kinachoruhusiwa ni kuonekana kwa kiasi. Kiasi chenyewe kitapangwa na Waziri, atakaporejea kutoka ziara ya mafunzo katika nchi moja ya theluji ambako watu huenda kazini kwa kuteleza.

*

Tukakubaliana Kondo aende akatusemee. Nani mwingine? Tulimsindikiza Wizarani na baiskeli zetu, kengele zikilia njia nzima.

Geti la Wizara lina milango miwili, wa magari na wa waenda kwa miguu. Askari wa getini alitutazama mmoja mmoja.

"Nyie ni gari?"

"Hapana, afande," alisema Kondo.

"Mmekuja kwa miguu?"

"Hapana, afande. Tumekuja na baiskeli."

"Basi bado hamjafika," alisema askari, akafunga milango yote miwili.

Mtu wa nchi nyingine angekasirika. Sisi wa Shwarini tuliona aibu. Tulijilaumu sana njiani kurudi. Kwetu mjumbe hapimwi kwa ujumbe wake, anapimwa kwa alichoshukia. Hata posa tunaazima gari, hata rambirambi. Vipi tulimpeleka mtu mzima, kiongozi wetu, mbele ya serikali akiwa amekaa juu ya kiti cha baiskeli, suruali imebanwa kwa klipu? Ni dharau. Dharau kwake na kwa Wizara.

Basi tukaenda kuazima gari la Bi Mwatumu, mpambaji wa maharusi. Lilikuwa jeupe, lina riboni za waridi mpaka kwenye vioo vya pembeni. Halikuwa na betri, lakini nani atajua? Siwema alimpigia kaka yake pasi shati. Mzee Kibwana akamwazima koti lake la harusi. Mimi nilimpaka mafuta viatu. Kisha Kondo akakaa kiti cha nyuma, mmoja wetu akashika usukani kupitia dirishani, wengine tukashika bodi, tukasukuma.

Tulisukuma mji mzima. Magari yalitupisha kwa heshima, yakijua ni harusi. Tulipofika kilima cha Wizara jasho lilikuwa linatuingia machoni, na Kondo akatoa kichwa dirishani akasema, "Jamani, polepole kidogo, msije mkanichafulia shati." Tukacheka. Tuliona ni utani.

Askari alipoona gari alipiga saluti mpaka kofia ikamdondoka. "Gari liingie, watu wabaki," alisema. Tukalisukuma mara ya mwisho, likashika mteremko, likaingia lenyewe taratibu mpaka ndani, Kondo akitupungia mkono nyuma ya kioo. Geti likafungwa. Tulipiga makofi, nakumbuka vizuri, mikono yetu ikiwa na vumbi la lile gari.

*

Tulisubiri juani. Kondo hakutoka kwa geti lile. Alitoka kwa geti la nyuma, ndani ya gari jingine, jeusi, lenye bendera ndogo mbele, na habari zake tukazisikia redioni kabla hatujamwona. Rais alikuwa ameunda wizara mpya, Wizara ya Mambo ya Pembeni, na kumteua Mheshimiwa Kondo kuwa Naibu Waziri. Waziri kamili hakuteuliwa, kwa kuwa pembeni hapana nafasi ya watu wawili. Gari la Bi Mwatumu halikurudi. Tuliambiwa limekuwa mali ya historia.

Tulichinja mbuzi. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alilia kwa furaha, akafunga mlango wa nyumba yake akaenda kuaga mtaa wa pili na wa tatu, kama kwamba ni yeye anayehamia ikulu. Na Ijumaa iliyofuata Naibu Waziri akafanya mkutano wa hadhara chini ya Kidole.

"Ndugu zangu wa magurudumu mawili!" alisema. Sauti yake ilikuwa imeshabadilika, inatoka puani. "Mlinituma, nikaenda. Niliyoyakuta huko ni makubwa. Nimekaa ndani ya gari, na nataka niwaambie ukweli, mkiwa katikati ya njia mnaleta usumbufu ambao mtu wa baiskeli hawezi kuuelewa. Nami sikuuelewa mpaka nilipokaa. Sasa nawaomba kitu kimoja. Rudini pembeni."

Kengele moja ya baiskeli ikalia, kama kwa bahati mbaya.

"Mnaogopa nini?" akasema, akicheka. "Zamani tulikuwa hatuna mtu. Leo mnaye mwenzenu ndani ya gari! Mimi niko ndani! Gari gani litawagonga, na mimi nimo?"

Hapo makofi yakapigwa mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye bega la Baba Mwasisi. Muswada ukawa sheria kwa furaha ya wote. Tukapewa na vizibao vya kung'aa vyenye picha ya Naibu Waziri mgongoni, kila mtu akalazimika kuvaa.

Mimi sikuridhika. Nilimwambia Siwema usiku ule ule tukila.

"Mama Zena, kaka yako huyu huyu ndiye aliyesema pembeni ndiko kunakotuua."

"Sasa si yumo ndani? Atawaambia wenye magari."

"Atawaambia wangapi? Wewe kaa katikati. Faini tutaijua."

Aliweka tonge chini. "Baba Zena, Kondo hajawahi kuniambia nikanyage mahali ambapo yeye hajapakanyaga kwanza. Akisema pembeni, ni pembeni. Ni kaka yangu yule. Hawezi kunidanganya."

Ungekuwa wewe ungesema nini?

*

Baadaye tuliletewa njia maalumu ya baiskeli. Ilichorwa kwa rangi ya manjano, ikapendeza, ikatoka tanurini ikaja moja kwa moja mpaka Njia Panda ya Kidole, na pale ikakatika. Ikaanza tena upande wa pili. Hapo katikati, penyewe panapoua, hapakuchorwa kitu. Mzee Kibwana alimuuliza mhandisi sababu.

"Pale magari yanakunja," alijibu mhandisi kwa upole. "Tukichora rangi itafutika."

Naibu Waziri alikuja kuizindua. Itifaki haikumruhusu kushuka, kwa hiyo utepe ulisogezwa dirishani akaukata akiwa amekaa. Siwema alikuwa mstari wa mbele, amevaa kizibao, anamwita, "Kaka! Kaka Kondo!" Msaidizi wake akamwambia Mheshimiwa ana ratiba.

Ilikuwa Jumatano. Siwema alitangulia na mikate, mimi nikafuata nyuma yake kwa umbali wa maduka kama mawili hivi, kwa sababu jiwe langu ni zito. Njia ya manjano ikakatika. Siwema akabaki pembeni kama sheria ilivyotaka, kwenye kona, akisubiri. Gari jeusi lenye bendera likaja likasimama ubavuni kwake. Nikasikia honi. Kisha likakunja kushoto.

Nilisikia mbao za sanduku zikipasuka. Mikate ikatapakaa barabarani, na kitu cha kwanza nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba itakanyagwa. Halafu nikamwona mke wangu yuko chini, mguu umekaa upande ambao mguu haukai. Nikatupa baiskeli. Sikumbuki nilivyofika.

Dereva alishuka, akajishika kichwa, akasema, "Sikumwona."

Mlango wa nyuma haukufunguliwa. Kioo cha upande wetu kilikuwa kinapanda juu, polepole. Dereva akarudi ndani, gari likaondoka, kwa sababu Naibu Waziri alikuwa anawahi kikao cha usalama wa pembeni. Watu walimpakia Siwema kwenye mkokoteni wa maji tukakimbia hospitali.

Nilidhani atakuja. Kila mlango wa wodi ulipolia nilidhani ni yeye. Uchungu wa kumsubiri mtu ambaye ungempa figo yako, halafu haji, sijui niuelezeje. Kilichokuja ni hati ya mashtaka. Siwema alishtakiwa kwa kutoonekana.

*

Mahakama ilijaa. Bi Tatu, mama yao, alikaa benchi la mbele amevaa kitenge chenye picha ya mwanawe. Alikuwa ameambiwa kwamba binti yake aliteleza, na kwamba Kondo anakuja kumsaidia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia vingine.

Kondo aliingia na wapambe wake. Akainama mbele ya Bi Tatu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kazi zinakumaliza."

Hakimu akaanza. "Mshtakiwa, siku ya tukio ulionekana au hukuonekana?"

Siwema alisimama kwa mkongojo. "Mheshimiwa hakimu, waulizwe wenye macho. Mimi nilikuwa na mikate."

Dereva akaulizwa, akasema hakumwona. Akapanda Kondo, akaapa.

"Unamfahamu mshtakiwa?"

"Namfahamu kwa kiasi."

"Ulikuwa kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Ulimwona?"

Kondo akashika tai yake. Alitazama dirisha, akatazama saa ya ukutani, akatazama kila mtu isipokuwa dada yake. Siwema alikuwa anamtazama machoni. Nikasema moyoni, shemeji, sema. Neno moja tu, sema nilimwona, mambo yatakwisha, tutakusamehe, tutachinja mbuzi mwingine.

"Sikumwona," alisema Kondo.

Nikashindwa kukaa. "Mheshimiwa hakimu! Alikuwa na kizibao kinachong'aa! Na honi ilipigwa, niliisikia kwa masikio yangu! Mtu anampigia honi mtu ambaye hamwoni?"

Hakimu alivua miwani, akafurahi sana. "Asante kwa ushahidi huo. Kama alipigiwa honi, basi alionekana. Na kama alionekana mpaka akalazimu honi, basi alionekana kupita kiasi. Mahakama inamtia hatiani kwa makosa yote mawili."

Watu wakacheka, wengine wakadhani ni mzaha. Siwema alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Akamtazama mama yake. Akaufunga.

Adhabu yake ilikuwa ya kumrekebisha. Kila asubuhi atasimama Njia Panda ya Kidole, na mkongojo wake na kizibao chake, akijifunza kuonekana kwa kiasi, mpaka hapo Wizara itakaporidhika.

Kondo alinikuta nje ya ukumbi. Alinishika bega.

"Shemeji, usilichukulie kwa ubaya. Ningesema nilimwona, wizara nzima ya Pembeni ingevunjwa. Nyinyi mngebaki na nani serikalini?"

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na tusi kubwa, nilishaliandaa tangu hospitali. Mdomo ukatoa, "Haya, shemeji, tutaonana," kwa mazoea ya miaka yote. Nilijichukia njia nzima kurudi nyumbani.

*

Sasa mimi nanolea visu pale pale njia panda, ili Siwema asisimame peke yake. Wapanda baiskeli wanapita pembeni na kumwamkia. Mwezi huu tumeshazika wawili, na Wizara imetoa tamko. Mzee Kibwana ameuza baiskeli yake, anatembea kwa miguu mtaroni, na kitanda kichwani.

Gari jeusi hupita kila asubuhi. Likifika kwetu, Naibu Waziri huinua gazeti likamfunika uso, bendera inapepea, dereva anakunja.

Jana lilipokwisha kupita nilisimamisha jiwe. Nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ile. "Mama Zena, mahakamani ulitaka kusema nini?"

Alihamisha mkongojo mkono mwingine.

"Kioo kilikuwa wazi, Baba Zena. Niliwasikia. Dereva alimwambia, 'Mheshimiwa, kuna mwanamke wa baiskeli hapa kushoto.' Kaka akageuka, tukatazamana, mimi na yeye, karibu hivi. Nikamchekea. Nilijua atamwambia asubiri."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Kunja tu. Hawa nawajua, watasimama.'"

Lori la mchanga lilipita, tukangoja vumbi lishuke.

"Na mama alikuwa amekaa benchi la mbele," akaendelea. "Ningelisema vipi mbele ya mama?"

Akajipangusa uso kwa upindo wa kizibao.

"Na kweli anatujua," alisema. "Nilikuwa nimeshasimama."